Alhamdulillahi Mpaka Miguu Ikafa Ganzi

Weye unayeumwa mgongo na ukiulizwa hali unajibu sijambo, kaa kitako nikuhadithie. Kama kukaa huwezi, lala. Mie mwenyewe miezi mingi nilisikiliza habari za dunia nikiwa chali, natazama mabati ya nyumba yetu yalivyoota kutu. Daktari si mie. Skuli niliishia darasa la saba, na hilo la saba mwalimu alinipitisha ili apumzike. Kwa hivyo ukitaka kujua kidudu kinaingiaje mwilini, kamuulize anayejua. Mie nilichonacho ni mgongo, na yaliyonikuta kwa sababu ya adabu yangu.

Kwetu Mtambile, huku Pemba, ndani kidogo ukishaiacha barabara. Nilikuwa mchumaji karafuu, tena si mchumaji wa kubembeleza. Napanda mpaka tawi linapokuwa jembamba kama kidole, huku nawatania walio chini. Mkarafuu ukikatika haupigi hodi, lakini mie hata nikishuka na mchubuko nilikuwa na la kusema, na watu wakicheka na mie husahau.

Mwaka huo vuli ilikuja na karafuu nyingi. Mgongo ulianza hapo. Haukuanza kwa kishindo. Ulikuwa kama mtu ananibonyeza kwa gumba katikati ya uti, anaondoa, anabonyeza tena. Nani angejali? Msimu wa karafuu kila mgongo unauma. Jioni tunakaa duara ukumbini kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na hapo ndipo penye habari zote za mji. Mie nikawa siwezi kukaa bila kuegemea ukuta.

"Kombo leo bwana harusi," dada yangu Mize akasema. "Akaa kwa mto."

"Mto wenyewe ukuta," nikamjibu. "Na bibi harusi keshakimbia."

Mama akaniangalia. "Waumwa?"

"Kidogo."

"Sema alhamdulillahi. Karafuu zimekubali mwaka huu, riziki imejaa ukumbini, na weye watafuta la kulalamikia?"

Nikasema alhamdulillahi. Nilisema kwa sababu nimelelewa hivyo. Huku kwetu mtu anaweza kuwa nyumba yake inaungua, ukamuuliza hali akakujibu alhamdulillahi, kisha ndo akakuomba ndoo. Neno lenyewe halina kosa hata chembe, usije ukanielewa vibaya. Kosa ni kulifanya pazia, ukalivuta mbele ya kila kitu, hata mbele ya moto.

Karafuu zikaisha, mgongo ukabaki. Jioni homa inakuja, asubuhi inaondoka kama mtu aliyepanga chumba. Suruali zikawa zinanidondoka. Mama ananikanda kwa mafuta ya makonyo mpaka nikawa nanuka kama kiwanda, mbwa wakiniona wanapita mbali. Hatimaye nikaenda kituo cha afya.

"Unajisikiaje?" daktari akauliza.

"Alhamdulillahi."

"Maumivu yakoje?"

"Ya kawaida tu."

"Homa?"

"Inakuja, inakwenda."

Nilijibu vile huku natabasamu, maana huyo ni mtu mkubwa, kakaa kwenye kiti, na nyuma yangu wamama wamepakata watoto wanaolia. Nani atakwenda kumwaga shida zake mbele ya mtu mkubwa kama anamwaga maji machafu? Akanipa dawa ya maumivu. Nikarudi tena, akauliza vile vile, nikajibu vile vile, akanipa ile ile. Simlaumu. Alimtibu mtu niliyemhadithia, na mtu huyo alikuwa mzima.

Masika yalipoingia nikatumwa dukani. Nimefika, nataka sabuni, mwenye duka ananitazama miguu anacheka. Ndara ya kushoto sina. Imebaki njiani kwenye matope, na mie sikujua. Mguu haukuniambia.

"Nimeiacha inakuja na gari ya ng'ombe," nikasema, na watu wa barazani wakacheka. Nikacheka nao. Nikarudi nimeburuza mguu, nikakaa kitandani nikajifinya mguu. Nikafinya kwa kucha, sikusikia kitu. Hapo peke yangu sikuwa na wa kumchekesha, na niliogopa mpaka meno yakagongana.

Baada ya siku chache kusimama kukanishinda. Wakanitoa nyumbani kwa gari ya ng'ombe, nimelazwa kwenye godoro, majirani wamesimama milangoni. "Vipi Kombo?" wananiuliza. Na mie, nimelala nyuma ya ng'ombe kama gunia, najibu, "Alhamdulillahi, natembezwa."

Hospitalini wakanipiga picha, wakachukua damu, wakanigeuza huku na huku. Kisha wakatuambia ni kifua kikuu cha mgongo.

"Kifua?" Mama akasema. "Mwanangu hakohoi."

Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huo huweza kukaa hata kwenye mfupa. Nikasema basi ugonjwa wangu hata njia haujui, umeagizwa kifuani ukashukia mgongoni. Hakucheka mtu. Mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda, na nikaona anachofikiria si mfupa. Alikuwa anafikiria jina, na watu watakavyolitia mdomoni.

Kama na weye umeambiwa jina hili, nakwambia ninachokijua. Vidonge ni vingi, na unavimeza kila siku, ujisikie vizuri usijisikie. Mkojo utakuwa mwekundu kama chai kavu; usipige kelele kama mie, ni dawa. Utavaa mkanda mgumu kiunoni mpaka makwapani, na joto la ndani yake hata kuku asingekubali kuatamia humo. Na utalala. Watu wanadhani kulala ni kupumzika. Lala miezi, kisha uje tuzungumze.

Wakaturuhusu kurudi nyumbani na dawa, tuwe tunakwenda kliniki kila mwezi. Nyumbani ndipo palipokuwa pagumu. Mama alikwishaamua: hatusemi. Akija mtu kuangalia mgonjwa anaambiwa nimeteguka mgongo, na hali yangu alhamdulillahi. Mama ananitandikia shuka safi, ananivalisha kofia iliyoshonwa kwa mkono, ananiegemeza kwenye mito, na mie kazi yangu ni kuchekesha. Mgeni anaingia na uso wa msiba, anatoka anajifuta machozi ya kicheko. "Kombo hajambo kabisa," wanasema njiani. Nawasikia.

Mize ndiye aliyepasuka. Alikuwa ndiye anayechota maji, anayefua, anayenigeuza Mama akichoka, na asubuhi ana cherehani yake inamsubiri. Siku moja wageni wameondoka, akatupa beseni chini.

"Mama, mie nauliza. Jirani zetu hawana roho mbaya. Alipoumwa mtoto wa nyumba ya pili mji mzima ulipokezana kumpikia. Mbona kwetu hakuna anayekuja hata kuteka ndoo?"

"Watu wana shughuli zao."

"Watu twawaambia hajambo. Mtu hajambo asaidiwe nini?"

"Wataka nikawatangazie? Wasije kukaa kwetu tena? Na weye nani atakuposa?"

"Nani atanioa nikishakufa kwa kuchota maji?"

Mie nimelala katikati yao, natazama mabati. Nilikuwa na mzaha tayari kinywani, mzuri tu, na kwa mara ya kwanza nikaumeza. Nilijua Mize anasema kweli. Nilijua na Mama anaogopa kweli. Na kile nilichokijua mie peke yangu na Mama, Mize hakukijua: kwamba asubuhi zile shuka lilikuwa linaamka limelowa, na Mama analitoa kimya kimya kabla Mize hajaingia, analifunika kwa kanga, na hatusemi kitu. Vidole vya miguu nilivyokuwa nikivichezesha mwanzo wa dawa, vikawa vinalala kimoja kimoja kama taa za mji.

"Usiyatoe ya ndani," Mama akaniambia. "Dawa zinafanya kazi. Mshukuru Mungu."

Nikashukuru. Lakini nilikuwa nashukuru kama mtu anayefunga mlango.

Kipupwe kikaingia, siku ya kliniki ikafika. Mie nikatandikiwa mkeka pembeni ya benchi la kusubiri. Ukilala chini hospitalini watu unawajua kwa visigino. Kulikuwa na kimoja kimefungwa bandeji, na juu yake inatoka sauti ya mwanamke haipumziki.

"Unauma," sauti inasema. "Toka jana alasiri, upande huu wa ndani, kama mtu ananikwangua kwa kombe la chaza. Nje hauumi. Nikiuinua unapoa, nikiushusha unapwita. Na leo una harufu ambayo juzi haikuwepo."

"Bi Tatu," mwanamme mmoja akamwambia, "wenzako nao wagonjwa."

"Wagonjwa wa nini? Nimewauliza mmoja mmoja hali zenu, nyote hamjambo. Mgonjwa humu ndani mie peke yangu. Nipisheni niingie."

Benchi zima likacheka. Alikuwa bibi wa Kisiwa Panza, mwembamba, kavaa buibui iliyopauka, kidonda chake cha sukari kimemvusha maji mara nyingi mpaka wauguzi wanamjua kwa hatua. Akainama akanitazama.

"Na weye uliyeanikwa kama karafuu, hujambo?"

"Alhamdulillahi, bibi."

"Basi inuka, nataka kukaa kwenye mkeka."

Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki, ananingoja kweli kweli niinuke. Kicheko kikanikauka. Akanitazama miguu, akasema taratibu, "Huwezi."

"Siwezi."

"Haya. Sasa tumejuana."

Muuguzi akamletea maji. Bi Tatu akanywa akarudisha gilasi. "Ahsante. Ya baridi, na umeisuuza kwanza, nimekuona."

"Huyu hata akishukuru anakagua," yule mwanamme akasema.

"Ndiyo," Bi Tatu akamjibu. "Mola wangu hakunipa kwa jumla, kanipa kimoja kimoja. Nami namrudishia kimoja kimoja. Mnapenda kumpungia mkono kwa mbali kama abiria."

Nilitaka kumjibu, jina langu likaitwa.

Chumbani daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mama kasimama kichwani pangu, mkono wake begani mwangu.

"Anaendeleaje?"

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Hajambo. Anakula vizuri."

"Miguu?"

"Inarudi, inshallah. Pole pole."

Daktari akaanza kuandika. Nikaiona kalamu inakwenda. Nataka ujue kwamba mie namtania kila mtu. Nimemtania sheha, nimemtania imamu baada ya sala. Lakini kumkanusha mama yako mbele ya watu, huku kwetu hilo si jambo la mzaha wala la hasira. Hilo halifanywi. Mkono wake ulikuwa begani mwangu, una joto, nausikia vizuri kwa sababu mabega bado yalikuwa yangu. Kalamu inakwenda. Nikajua ikifika mwisho wa mstari tutaambiwa turudi mwezi ujao, na mwezi ujao sitakuwa na cha kurudisha.

"Daktari," nikasema. "Mama kakwambia anavyoniombea. Lakini miguu hairudi. Inaondoka. Mwanzo nilikuwa nachezesha vidole, sasa navitazama kama vya mtu mwengine. Ganzi ilikuwa gotini, imepanda mpaka hapa kiunoni. Na mkojo unanitoka na mie sina habari."

Mkono wa Mama ukaondoka begani.

Daktari akaweka kalamu. Akafunua shuka, akanichoma kwa ncha ya sindano kuanzia unyayo, anauliza hapa, na hapa, na hapa. Nilikuwa nasikia tu sauti yake. Mama alijivuta mtandio mpaka usoni, akageukia ukutani.

Hatukurudi nyumbani. Ilikuwa usaha umekusanyika ndani, unabana mshipa unaopeleka habari miguuni. Wakatuvusha Unguja, nikapasuliwa. Daktari wa huko aliniambia kwamba tungengoja mwezi mwengine, miguu ingebaki ya kuvalia suruali tu. Alisema hivyo mbele ya Mama, na Mama hakuinua uso.

Hapo hospitali Mama alikaa na mie muda wote, na hakuzungumza na mie. "Fungua mdomo." "Geuka." "Meza." Ndiyo maneno yake. Kwa mtu kama mie, kunyamaziwa ni ugonjwa wa pili. Nilimtolea mizaha yangu yote, hata ile ya zamani aliyokuwa akiipenda, ikaanguka sakafuni mmoja mmoja. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanacheka, yeye anakunja kanga.

Alikuwepo muuguzi mmoja, Sista Neema, Mkristo wa bara aliyeolewa Unguja, na nilishamhadithia ya chumba cha daktari. Alikuwa akinigeuza kwa upole wa mazoea, kama mtu anayegeuza mkate. Siku moja akamvutia Mama kiti chake mwenyewe, akamwambia, "Kaa mama, miguu yako imevimba."

"Sijambo, mwanangu. Alhamdulillahi."

"Nimesikia. Kaa." Mama akakaa. Sista Neema akaendelea kupanga dawa, akasema bila kumwangalia, "Mtoto hakukuaibisha. Hata kwetu tunajibu 'nzuri' huku tunazama. Mie mama yangu alijibu 'nzuri' mpaka tukamzika."

Mama akainamia kanga yake, akaikunja. Ila jioni ile, alipokuwa akinifunika, aliiacha mikono yake juu ya shuka kidogo zaidi ya haja.

Kidole gumba cha mguu wa kulia kilirudi kwanza. Mhudumu anaosha sakafu, blangeti imenitoka, mguu umening'inia chini, na nikasikia baridi. Ndogo kabisa, kama mtu kanipulizia. Nikamwomba amwage maji tena. Akadhani namtania, na kwa sifa zangu siwezi kumlaumu. Nikaanza kulia, ndipo akamwaga.

Siku ile nilimkumbuka Bi Tatu. Nikasema kimoyomoyo: ya Rabbi, nakushukuru kwa baridi ya sakafu kwenye gumba la kulia. Nikaishia hapo, sikuongeza na mengineyo yote. Ilikuwa shukurani fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na ndiyo ya kwanza niliyoisikia inatoka mwilini mwangu, haitoki mdomoni tu.

Tangu hapo nikawa naifanya kila siku, na hii ndiyo ninayotaka uichukue kama utachukua kitu kwangu. Kwanza sema panapouma, useme mahali na namna. Mwambie daktari, mwambie wa nyumbani, na Mola mwambie pia. Hatachukia, anajua tayari. Kisha tafuta kitu kimoja kilichokujia leo, kiwe na jina. Uji ulikuwa na iliki. Kaja mtu akakaa bila kuuliza. Nimejigeuza mwenyewe ubavu wa kushoto. Kisiwe kikubwa, kikubwa utajidanganya nacho. Na siku nyengine hutakiona. Mie zilikuwepo siku nilitafuta kutwa nzima nikakosa, nikalala nimekasirika, na siku hizo sikujilazimisha. Kushukuru kwa nguvu nilikuwa nimeshakumaliza kabla ya masika.

Tukarudi Pemba. Safari hii Mize hakungoja ruhusa. Mtu wa kwanza kuja kuuliza hali alimwambia mlangoni, "Ni kifua kikuu cha mgongo, haambukizi, kapasuliwa, kutembea hajaweza, na maji ndani hamna." Mama alikuwa jikoni, kasikia kila neno. Wapo waliopunguza kuja, siwezi kukudanganya. Yupo rafiki yangu wa kupandia mikarafuu ambaye mpaka leo akiniona anakumbuka safari. Lakini maji yakawa yanakuja. Mama wa nyumba ya pili analeta ndoo na anakaa, na Mize akarudi kwenye cherehani yake. Mama akawa anapokea ndoo na kusema ahsante, macho chini. Na mie bado ananiambia fungua mdomo, geuka, meza.

Nikaanza kusimama vuli ilipokaribia. Kwanza kwa kushika ukuta, kisha kwa bakora mbili, kisha moja. Mgongo haukurudi kama zamani. Pale ugonjwa ulipokula pametokeza nundu, saizi ya yai la bata, na nimepungua kimo. Zile karafuu za msimu mpya zilipoiva niliwasikia wenzangu wanaitana huko juu ya mikarafuu, na mie niko barazani nachambua za watu. Daktari kasema kupanda miti ndo basi tena. Usiniulize kama nilishukuru siku ile. Nilizichambua zile karafuu kama nimegombana nazo.

Ilikuwa katika kuchambua huko. Mama kakaa mbele yangu, na mie namwona anachanganya. Karafuu anatupa kwenye makonyo, makonyo anatia kwenye karafuu. Mama, aliyekuwa akichambua huku anazungumza na watu watatu. Nikamngoja. Akaendelea.

"Mama," nikasema. "Waona?"

Mikono yake ikasimama. Nikajua neno linalokuja, nikaliona limefika mpaka mdomoni.

"La kulia ukungu mtupu," akasema. "Toka msimu ule ulipoanza kuumwa. La kushoto naona watu, lakini sioni nyuso. Kama nawatazama kwenye mvuke wa chungu."

"Msimu ule? Mbona hukusema?"

"Weye uko kitandani, niseme mie jicho?"

Nikabaki na konzi ya karafuu. Nikaanza kuhesabia nyuma: vidonge vyangu vya kila asubuhi, alikuwa akivichagua kwa kupapasa. Samaki, alikuwa akinitolea miba kwa vidole, na mie namtania kwamba anamtomasa kama anamposa. Kidonda changu cha kupasuliwa, alikuwa akikiosha kwa kunusa.

"Ahsante kwa miba," nikamwambia. Ndilo lililotoka.

"Mmoja ulikupita," akasema. "Ulikohoa wiki nzima."

Yote hayo, tangu lile la ukungu, ndiyo maneno ya kwanza yaliyozidi matatu aliyoniambia tangu chumba kile cha daktari.

Nikampeleka hospitali ya Chake Chake mie mwenyewe, na bakora yangu, yeye kanishika mkono huu, mie nimeshika bakora huu, mtu angetuona asingejua nani anampeleka nani. Kwenye benchi nilikuwa na wasiwasi kuliko siku zangu zote za kungojea. Daktari wa macho alipomuuliza alimwambia kama alivyoniambia: la kulia ukungu, la kushoto mvuke. Akaambiwa ni mtoto wa jicho, kila upande wake. Nikasema, "Mama, kumbe tuna wadogo zetu mapacha na hukututajia," na akanipiga kofi la goti. Gotini. Niliusikia ule uchungu nikakaa nao njia nzima.

Jicho la kushoto lilipasuliwa kwanza, siku ya upepo baada ya mvua za vuli. Asubuhi ya pili wakamtoa bandeji. Mie nimesimama mlangoni ili nisimzibie mwanga. Akapepesa, akamtazama muuguzi, akatazama dirisha. Kisha akanitazama mie. Akanitazama muda mrefu, uso kwanza, halafu shingo, halafu mabega, na nikaona uso wake unavunjika taratibu.

"Kumbe umekonda hivi," akasema.

Nikavuta shati linifunike mifupa.

"Nikiwaambia watu hujambo... mie nilikuwa nakuona hujambo, Kombo. Nilikuwa nauona uso tu, unacheka."

"Najua, Mama."

"Hebu geuka."

Nikageuka. Nilisikia ndara zake sakafuni, kisha vidole vyake juu ya shati, vinatafuta ile nundu. Alikuwa kaiosha mara ngapi, na leo ndo anaiona.

"Yauma?"

Mzaha ulikuwepo, sikuuchukua.

"Asubuhi, ndiyo," nikasema. "Na nikiinama. Jioni, hapana."

Akaacha mkono wake pale pale.

"Basi tutashukuru jioni," Mama akasema. "Sasa hivi kaa, nikukande."